Nimelipasua Jiwe la Mzee Tadei

Izia,
Sumbawanga, Rukwa.
Alhamisi, 12 Agosti 1976

Mpendwa Mjomba Isakwisa,

Shikamoo Mjomba. Andwele, mkwe wako, naye anakuamkia, na binti yetu Atusaye anakuamkia mara mbili, maana amejifunza neno hilo mwezi huu na sasa anamwamkia kila kiumbe, mbuzi wa jirani wakiwemo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe na mgongo wako umetulia. Mkaza mjomba hajambo? Suma bado anakataa uji, au ameacha ukaidi sasa kwa kuwa ni mkubwa?

Sisi hapa hatujambo kwa mwili. Baridi ya Ufipa mwaka huu haikuwa na adabu. Mwezi wa sita na wa saba upepo ulivuma mpaka watu wakaongeza mawe juu ya mabati, na mimi nilifundisha nikiwa nimevaa koti la Andwele. Mahindi tumevuna ya kutosha, ulezi kidogo. Mama ameandika kutoka Tukuyu kwamba mguu una nafuu tangu aanze kuusugua na yale mafuta uliyomtumia. Anakulaumu kwamba hujaenda kumwona tangu Pasaka ya mwaka juzi. Ameniagiza nikufikishie lawama hiyo, basi nimeifikisha.

Nimesema hatujambo kwa mwili. Kwa moyo, Mjomba, mimi si mzima hata kidogo. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo wetu wote ni wewe tu uliyefanya kazi na mawe maisha yako yote. Tena nyundo iliyoniingiza kwenye balaa hili ni yako. Sikulaumu, nakueleza tu.

Uliponipa ile nyundo ndogo na kile kioo cha kukuzia vitu, uliniambia nisivifanye mapambo. Nilivifanya mapambo miaka miwili, juu ya redio. Mwaka huu nimepewa Darasa la Saba, Jiografia na Sayansi. Tulipofika kwenye somo la miamba, kitabu kilikuwa na picha tatu: mlima wenye theluji, jangwa, na Mzungu wa kaptura amesimama kando ya korongo. Nikauliza darasa ni nani amewahi kuona mwamba. Watoto arobaini na wawili, hakuna aliyenyoosha mkono. Na hapo wamekaa katika jengo lenye msingi wa mawe, wamekuja kwa barabara ya moramu, na kengele yetu, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa nje, hugongwa kwa jiwe kila asubuhi.

Jambo hilo liliniuma. Kesho yake nikawatoa nje, na sikuwapeleka mlimani, niliwapeleka mjini. Tulianza na msingi wa kanisa, mawe ya kijivu yenye punje nyeupe na nyeusi zilizoshikana kama ubwabwa uliopoa. Tukaenda kwenye ngazi za duka moja la zamani karibu na soko, zimelika katikati na pembeni bado ni kali, nikawaacha wabishane wenyewe kwa nini. Tukainama kwenye mfereji kutazama mchanga mzito ulivyokaa chini na mwepesi juu. Mwenye bucha akatuazima jiwe lake la kunolea, watoto wakalipitisha mkono kwa mkono wakilisikiliza kwa vidole.

Stendi ndiko kulikokuwa na kichekesho. Utingo mmoja alikuwa ameweka jiwe nyuma ya tairi la basi. Watoto wakamzunguka wakimwomba waliangalie, akadhani wanamtania, akataka kuwafukuza. Basil, mwenye mdomo kuliko darasa zima, akamwonyesha chembe za ulanga zinazometameta ndani ya jiwe hilo na kumpa somo zima hadharani. Utingo akaliokota, akaligeuza juani, akasema amelibeba tangu Tunduma na hajawahi kuliangalia. Alipoondoka hakulitupa nyuma kama kawaida yao, alilipanga chini ya kiti.

Mjomba, zile wiki mbili nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu nianze ualimu. Watoto walinisimamisha njiani kuniambia kwamba nyumbani wamechimba choo na wamekuta udongo wa rangi tatu. Mmoja alinivuta mkono hadi nyuma ya nyumba yao kunionyesha. Nilisimama pale juu ya shimo la choo la watu nimefurahi kama mjinga.

Halafu nikazidisha. Nikawaambia kila mmoja alete kutoka kwao jiwe moja linalofanya kazi: la kusugulia miguu, la kuzuia mlango, figa la zamani, lolote. Na kwa kuwa jiwe lisilojulikana limetoka wapi halimfundishi mtu kitu, nikaagiza kila jiwe libandikwe karatasi yenye jina la mwenye nyumba, mtaa, na mahali lilipokuwa. Nikayapanga kwenye kasha la majani ya chai na kulifungia kabatini. Mawe arobaini na mawili, majina arobaini na mawili.

Sasa hivi ninavyoandika nasikia mwenyewe lilivyo baya. Mwanamke wa kuja, Mnyakyusa, anakusanya mawe kwenye vizingiti vya watu, ameyaandika majina, ameyafungia. Na mji wenyewe unajua unaitwaje, Sumbawanga, yaani tupa uchawi, na unajua watu wa kwetu wanavyolisema jina hilo.

Katika darasa langu yupo msichana anaitwa Cornelia. Huyo ndiye ninayemtegemea kuchaguliwa kwenda sekondari, na kama hatachaguliwa yeye basi sijui ni nani. Baba yake amefariki, anakaa na mama yake, Adela, na babu mzaa baba, Mzee Tadei, hapahapa Izia, nyumba ya kumi na kitu kutoka kwangu. Cornelia alileta jiwe jeusi, ukubwa wa mkate wa dukani, zito kuliko linavyoonekana, limejaa matundu na mikunjo kama uji uliofurika ukagandia ubavuni mwa chungu. Alisema linazuia mlango wa babu.

Nilipoliona moyo ulinienda mbio. Wewe unajua, kwetu mawe meusi ya matundu ndiyo tuliyokulia juu yake, ya mlima wa moto. Nikalinyanyua mbele ya darasa, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: jiwe hili limetoka kwenye mlima wa moto, na hapa Ufipa hakuna mlima wa moto, kwa hiyo hili si la hapa, limeletwa kutoka kwetu, Rungwe. Cornelia akanyoosha mkono, akasema babu anasema ni la kwao, upande wa Mwimbi. Nikamjibu, nadhani kwa upole, kwamba wazee husahau. Nikabandua karatasi yake nikaandika nyingine: Mzee Tadei, Izia. Limetoka Rungwe. Kisha nikataka waone matundu yalivyo ndani, nikachukua nyundo yako. Mapigo mawili tu. Likapasuka vipande viwili na darasa likapiga makofi.

Hiyo ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Ijumaa Cornelia hakuja shule. Jumatatu hakuja, na siku hiyo nikasikia kwamba Mzee Tadei amelala, kifua kimembana, hali chakula. Jumanne Adela alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eustaki. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisema mzee anataka jiwe lake, na Cornelia hatarudi darasani mpaka lirudi. Mtihani ni miezi miwili ijayo, Mjomba. Mtoto akikosa mwezi mmoja wa marudio amekwisha.

Jioni ile akaja Ndimyake, yule jirani yangu, mke wa mwenye duka kutoka Mbeya. Akafunga mlango nyuma yake kabla hajanisalimu. Akasema, "Atuganile, umechukua jiwe la mlangoni kwa mzee, ukaliandika jina lake, ukalipiga nyundo, na mzee ameanguka. Wewe unadhani watu wanasemaje?" Nikamwuliza ni nani amesema. Akajibu kwamba mbele yangu hawawezi kusema. Tangu hapo kila kitu nakiona kwa jicho hilo. Mama anayeniletea maziwa hajafika siku tatu. Wazazi watatu wametuma watoto wadai mawe yao. Leo sokoni mwanamke mmoja alivuka barabara aliponiona, na mimi nikasimama na kikapu changu nikifikiri, haya, imeanza.

Lililo baya zaidi sijakuambia. Mwalimu Eustaki aliponiita aliniuliza, jiwe lipo? Nikasema lipo. Zima? Nikasema zima. Sijui kwa nini, Mjomba. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Sasa amemwahidi Adela kwamba jiwe litarudishwa zima keshokutwa, Jumamosi, mbele ya kamati ya shule, wazazi, na mwenyekiti wa tawi la TANU. Mwalimu Eustaki ni mtu mnyoofu. Amenitetea bila kujua anatetea uongo.

Nilimwambia Andwele, na yeye kama mwanamume wa Idara ya Ujenzi akasema hakuna kisichozibika. Akaja na kopo la lami, ile ya kuzibia mapaa, akaichemsha uani. Tulipaka, tukabana vile vipande kwa kamba ya katani, tukasubiri. Lami ilichuruzika kwenye matundu yote. Sasa jiwe linanuka barabara, limepinda kidogo, na ufa unaonekana kuliko mwanzo. Andwele anasema kwa mbali halionekani vibaya. Nilimwuliza kama mzee atalitazama kwa mbali.

Ninachoogopa ni hiki, nikiseme wazi. Naogopa mzee asije akafa kabla ya Jumamosi, na jiwe lake likiwa kwangu limevunjika. Hapo hata nikieleza vipi nani atanisikiliza? Nitahamishwa, na hilo ndilo dogo. Naogopa kwa ajili ya Atusaye, anayecheza na watoto wa watu hawa. Na Cornelia, kosa si lake, nami ndiye niliyemtia ndani.

Najua barua haitakufikia kabla ya Jumamosi. Nimekuandikia hivyohivyo, maana ukiandika hofu angalau inakaa mstarini. Basi la Tunduma linaondoka Jumatatu, kwa hiyo sitaifunga bado.


Jumapili, 15 Agosti

Mjomba, naendelea. Juzi Ijumaa nilishindwa kula mchana. Baada ya vipindi nililifunga lile jiwe kwenye kanga, nikaenda kwa Mzee Tadei peke yangu. Andwele alitaka kunisindikiza, nikamwambia tukienda wawili tutaonekana tumekwenda kupigana.

Adela alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliniangalia mimi, akaangalia kanga, akasema karibu kwa sauti ndogo. Mzee alikuwa ndani, kwenye kigoda karibu na moto, amejifunika blanketi mbili. Ni mtu mwembamba, mwenye nyusi nzito, na pumzi yake inasikika ukiwa bado mlangoni. Nikapiga goti, nikamwamkia. Marahaba ilikuja, lakini iliniacha chini muda mrefu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri. Nikamwambia, Mzee, sikuwa na nia mbaya na jina lako. Karatasi ile ni ya masomo tu. Mambo ya kuchukua kitu cha mtu na kumdhuru nacho mimi siyajui, na kwetu sikulelewa hivyo. Nikaendelea hivyo kwa kitambo. Mzee akamgeukia Adela, akamwuliza jambo kwa Kifipa, Adela akajibu huku anatazama chini. Mzee akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Adela akaja kumshika mgongo, nami nimepiga goti pale na jiwe langu sijui niweke wapi uso.

Kikohozi kilipotulia hakuwa anacheka tena. Akasema, "Kwa hiyo mwalimu ulidhani nimeugua kwa sababu ya karatasi. Kifua hiki kinanilaza kila kipupwe, mwulize mganga wa zahanati, ana daftari. Ulisikia mgonjwa yupo nyumba kumi kutoka kwako, babu wa mwanafunzi wako, na siku zote hizo hukuja kusema pole. Ulibaki kwako unaogopa nisikuroge, au wewe usionekane umeniroga. Lipi kati ya hayo?"

Mjomba, niliona haya ambayo sijawahi kuiona. Ni kweli, sikwenda kumwona mgonjwa. Mama angenichapa, na umri wangu huu. Nilikaa nyumbani nikisikiliza ya Ndimyake, na yale tunayosemaga sisi watu wa kuja juu ya Wafipa tukiwa wenyewe kwa wenyewe, nikayafanya ndiyo habari ya mzee huyu kabla hajafungua kinywa chake.

Nikamwuliza basi kilichomuudhi ni nini. Akanijibu kwamba Cornelia alirudi nyumbani siku ile analia, akamwambia mwalimu ameandika kwamba jiwe limetoka Rungwe. Mzee hajui kusoma, alimwambia mtoto arudie mara mbili. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi na cheti changu cha ualimu hatukulijua: lile si jiwe. Ni mavi ya chuma.

Baba yake alikuwa fundi wa kuyeyusha chuma. Yeye na wenzake walijenga tanuri la udongo refu kuliko mtu, wenyewe huliita ilungu, wakalijaza mkaa na mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka, likawaka siku kadhaa. Chuma kilibaki, na takataka yake ikachuruzika nje na kuganda, nyeusi, yenye matundu. Majembe ya baba yake yalilima mpaka ng'ambo ya Mwimbi. Tadei alikuwa mtoto, kazi yake kubeba mkaa. Walipohamishwa mwaka wa sabini na nne kwenda kwenye kijiji kipya, kila mtu alibeba alichoweza, yeye akaokota kipande kimoja kwenye rundo la takataka hiyo, na alipokuja kukaa hapa kwa mkwe wake akaja nacho.

Akasema, "Majembe yenyewe yalikwisha, yameliwa na udongo. Yamebaki mavi yake. Na hayo nayo ukayafanya ya kwenu."

Sikuweza kumtazama. Nikaifungua kanga, maana kuficha kungenisaidia nini tena. Nikamwambia kwamba nililipasua mbele ya watoto, kwamba nilimdanganya Mwalimu Mkuu ni zima, na kwamba mume wangu alilipaka lami. Mzee akapitisha kidole kwenye lami, akakinusa. Akaniuliza, "Na hii nayo imetoka Rungwe?" Adela alitoka nje haraka, nikamsikia anacheka huko kwenye ulezi.

Akaikata kamba kwa kisu, akaviachanisha vile vipande, lami ikivutika. Akasogea mlangoni kwenye mwanga na kutazama ndani. Nilikuwa nimewaonyesha watoto matundu, sikuwa nimetazama vizuri mwenyewe. Ndani kulikuwa na kipande cha mkaa, kidogo kama punje ya haragwe, kimenaswa humo miaka yote hiyo. Mzee akautaja kwa Kifipa mti uliochomwa mkaa huo. Akasema huenda ni yeye aliyeubeba, huenda si yeye, watoto walikuwa wengi. Alikaa nao pale mpaka Adela akamwambia arudi motoni.

Sharti lake lilikuwa moja. Hakutaka jiwe zima. Alitaka niseme mbele ya wazazi, kwa mdomo uleule uliosema limetoka Rungwe.

Jana nilisema. Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilisema nimelipasua, nimemdanganya Mwalimu Eustaki, na nimewafundisha watoto wao uongo kwa sababu nilidhani kila kitu cheusi chenye matundu ni cha kwetu. Mwalimu Eustaki alivua miwani akaifuta, akaivaa, na kwangu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko maneno. Mwenyekiti aliandika yote kwenye daftari. Wameamua kupeleka taarifa kwa Afisa Elimu, kwa hiyo kama nitahamishwa au la, bado sijui.

Wazazi je? Nilisubiri lile jambo ambalo Ndimyake alisema hawawezi kulisema mbele yangu. Mama mmoja akasimama. Akauliza atarudishiwa lini jiwe lake la kusugulia miguu, maana visigino vimeanza kupasuka na kesho, yaani leo hii, ni sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, anataka kwenda kanisani na viatu vya wazi. Mwingine alitaka lake kwa sababu bati linapigwa na upepo. Ndio hao waliotuma watoto. Na mama wa maziwa, ng'ombe wake amekauka. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilijiona mdogo sana. Na Mwenyezi Mungu ashukuriwe, Cornelia anarudi darasani kesho.

Lakini Mjomba, sasa nina hofu nyingine, na hii ndiyo hasa ninayotaka unijibu upesi. Leo baada ya misa Cornelia alikuja kwangu amevaa gauni lake la kanisani, na maagizo kutoka kwa babu. Mzee anataka kulipeleka darasa zima upande wa Mwimbi, pale lilipokuwa tanuri. Anasema udongo uliochomeka bado upo, mwekundu, na mavi ya chuma yamejaa kwenye majani, na vijana waliozaliwa hukohuko hupita juu yake wakidhani ni mawe. Amesema nisithubutu kueleza lolote mpaka yeye awepo. Kichwani tayari namwona amesimama pale na fimbo mbele ya darasa lote, Basil akimwuliza maswali. Andwele amekwenda kuomba lori la Ujenzi kwa Jumamosi ya tarehe ishirini na nane.

Adela alikuja nyuma ya mtoto. Akasubiri Cornelia amchukue Atusaye nje, ndipo akaniambia mzee amekohoa damu, jana na leo. Mtoto hajui. Mganga wa zahanati anataka apelekwe hospitali mara moja. Mzee amekataa. Anasema akiingia huko hatatoka, na kwanza atakwenda na watoto.

Nimfanyeje, Mjomba? Wewe umeona vifua vingi huko migodini. Mtu anayekohoa damu anaweza kukaa kwenye lori kwa muda wa saa tatu, barabara yenyewe ile? Nikimsubirisha mpaka tarehe ishirini na nane huenda nikawa nimemuua kweli. Nikimlazimisha hospitali na asitoke, watoto hawa hawatapata mwingine wa kuwaonyesha, na yeye atakuwa ameondoka akijua nilimzuia. Nimefikiri tuwahi, twende Jumatano hii, yeye akae mbele na dereva, na kutoka huko lori limpitishe hospitali moja kwa moja. Adela anasema niseme naye mimi, labda atanisikia, kwa kuwa nina deni lake la heshima. Kesho jioni nitakwenda. Sitakwenda na maneno niliyoyaandaa.

Kama unajua dawa yoyote ya kutuliza kikohozi, hata ikifika tumekwisha kwenda, mpe dereva wa basi la Mbala, atamkabidhi Andwele.

Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie kitambaa alichonidarizia bado kipo mezani. Msalimie Suma, na wote wa kwetu walioko huko. Mama, Andwele na Atusaye wanakukumbuka kila siku. Mungu akulinde ukishuka chini ya ardhi na akurudishe juu kila jioni.

Wiki iliyopita nilimwomba Mungu Mzee Tadei asife, ili watu wasiseme ni mimi. Anisamehe kwa sala ile. Sasa namwomba asife.

Mpwa wako akupendaye daima,
Atuganile